Saa ya Kuutoa Mpira

Mpira wa kupumulia hupitishwa mdomoni, ukapita juu ya ulimi na nyuma ya kidakatonge, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti na kukomea ndani ya koo la hewa, juu kidogo ya pale linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kwa mtu mzima upana wake wa ndani ni milimita 7 au 8 hivi. Karibu na ncha yake kuna kifuko kidogo kinachojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mpira na ukuta wa koo. Muuguzi hupima shinikizo la kifuko hicho ili libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji: likizidi, utando wa koo hukosa damu, likipungua, mate huteremkia mapafuni. Aliyewekwa mpira huu hawezi kusema wala kula, na kikohozi chake huwa nusu kikohozi, kwa kuwa nguvu ya kukohoa huanzia pale nyuzi za sauti zinapofungamana, na hapa mpira umekaa katikati yake. Kuuweka ni kazi ya dakika chache kwa aliyezoea. Kujua siku na saa ya kuutoa, hasa kwa mgonjwa aliyepasuliwa ubongo, ni ufundi mwingine kabisa, na ni katika ule usioonekana na wengi.

Timbwani ni wadi ya Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko, katika Kaunti ya Mombasa. Mgonjwa wa kichwa anayetoka huko, awe kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia, mzee aliyepasukiwa na mshipa baada ya presha ya miaka mingi, au mama ambaye kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi kumegundulika kuwa ni uvimbe ubongoni, hana budi kuvuka maji. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwaka 2021, lilijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Gari la wagonjwa hutegemea feri, au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Upande wa kisiwani iko Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi hawajaacha kuiita Makadara. Ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti 6 za pwani, kuanzia Kwale hadi Lamu na Taita Taveta. Kama ilivyo kote Afrika Mashariki, vitanda vya wagonjwa mahututi havitoshi, na jambo hilo linaingia katika hesabu ya kila mpira: siku moja ya kuuacha mdomoni bila sababu ni siku ya hatari kwa aliyelala kitandani, na pia kwa yule anayesubiri kitanda hicho.

Si kila aliyepasuliwa ubongo hutoka chumba cha upasuaji na mpira mdomoni. Mgonjwa wa uvimbe aliyeingia akitembea mwenyewe, upasuaji ukaenda sawa, kwa kawaida huamshwa palepale mezani na mpira ukatolewa kabla hajafikishwa wadini. Madaktari wa ubongo hupenda iwe hivyo kwa sababu nzito: mgonjwa aliye macho ni kipimo kinachoshinda mtambo wowote. Akianza kuchanganya maneno, au mkono mmoja ukalegea, hiyo ndiyo ishara ya mapema kwamba damu inavilia ndani ya fuvu, na bado kuna muda wa kumrudisha mezani. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hana namna ya kuitoa ishara hiyo. Kwake huenda ikajulikana pale tu mboni ya jicho inapotanuka, na hapo mara nyingi mambo yameshaharibika.

Lakini kuamka nako kuna hatari zake. Mgonjwa anayepigana na mpira hukohoa na kujikaza, presha ya damu hupanda ghafla, na mshipa uliofungwa saa 1 iliyopita unaweza kufumuka. Upo pia upande wa pili, wa yule anayeamka nusu tu akawa anapumua kivivu. Kiwango cha kaboni dioksaidi katika damu kikipanda kwa milimita 1 ya zebaki, damu inayoingia ubongoni huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 4. Kikipanda kutoka 40 hadi 55, ubongo hupokea karibu nusu zaidi ya damu yake ya kawaida, ndani ya fuvu ambalo halitanuki hata kidogo. Mtaalamu wa nusukaputi amebanwa hapo: akiuacha mpira hali mgonjwa amezinduka, kikohozi kitaumiza, akiutoa hali bado amelala, pumzi ndogo itaumiza vilevile. Kinachomwokoa ni kuupima usingizi unavyoondoka, dawa moja baada ya nyingine, akiacha kidogo ya kutuliza koo na kuishusha presha mpaka mpira utoke.

Wanaopelekwa chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa bado na mpira ni wale walioingia kwa dharura: damu iliyovilia, fuvu lililopasuka, ubongo uliovimba. Hawa mpira huachwa kwa sababu mojawapo kati ya tatu, na ni lazima ijulikane ni ipi. Huenda ni dawa za usingizi ambazo hazijaisha mwilini. Huenda ni uvimbe wa ubongo, ambao kwa kawaida huzidi katika siku za mwanzo kabla ya kuanza kupungua. Au huenda shina la ubongo lenyewe, mahali panapoamuru mtu apumue, ameze na akohoe, limeguswa. Ya kwanza hutatuliwa kwa saa, ya pili kwa siku, na ya tatu pengine isitatuliwe. Mwenye haraka huzichanganya, akamngoja siku 4 mtu ambaye alikuwa na dawa tu mwilini, au akautoa mpira kwa mtu ambaye uvimbe wake ndio kwanza unakaribia kileleni.

Ufundi huu una nasaba, na sehemu kubwa ya nasaba hiyo iko katika mji mmoja. Mwaka 1878 huko Glasgow, daktari mpasuaji William Macewen alipitisha mrija mdomoni hadi kwenye koo la hewa la mgonjwa aliyekuwa na uvimbe penye shina la ulimi, ili apewe klorofomu bila damu kumpalia. Mwaka uliofuata, daktari huyohuyo alimtoa msichana mmoja uvimbe uliokuwa ukikandamiza ubongo. Mpira na upasuaji wa ubongo kwa hiyo vilipita katika mikono ileile ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi. Mashine za kumpumulia mtu siku nyingi zilikuja kuzoeleka baada ya mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka 1952, pale Bjørn Ibsen alipoonyesha kwamba waliopooza misuli ya kupumua huishi wakisukumiwa hewa kooni kwa mkono, na mamia ya wanafunzi wa udaktari wakashika zamu usiku na mchana kubana mifuko hiyo. Kenya ilipata upasuaji wa ubongo wa kudumu katika miaka ya 1960 kwa kazi ya Renato Ruberti, Mwitaliano aliyefungua milango Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akarejea kutoka masomoni Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza wa fani hiyo. Katika mwambao, taasisi ya upasuaji wa ubongo ilifunguliwa Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2014.

Ilikuwa tena Glasgow, mwaka 1974, ambapo Graham Teasdale na Bryan Jennett walitangaza kipimo cha kuzinduka ambacho leo kinajulikana katika kila wadi. Macho hupewa alama hadi 4, usemi hadi 5, na mwendo wa viungo hadi 6. Mzima wa akili na mwili hupata 15, na asiyejibu lolote hupata 3. Kutokana na kipimo hiki ikazuka kanuni inayokaririwa na kila mwanafunzi, kwamba mgonjwa aliyefika alama 8 kushuka chini awekewe mpira. Kanuni hiyo ina akili kwa mgonjwa wa dharura ambaye hali yake inaporomoka na hakuna ajuaye itakomea wapi. Kosa lilikuja ilipogeuzwa: kwamba asiyepita 8 asitolewe. Mgonjwa wa siku ya 6, ambaye uvimbe umepungua na hali yake imetulia, si yule aliyeletwa usiku wa ajali, hata kama alama zao zinalingana. Tena alama za usemi haziwezi kuhesabiwa kwa mtu ambaye mpira umemkalia mdomoni. Hesabu inayobaki ni pungufu tangu mwanzo.

Kazi huanzia mapafuni kwa sababu hapo vipimo ni wazi. Mgonjwa anapaswa kutosheka na hewa yenye oksijeni asilimia 40 au chini, mashine isiwe inamsukuma sana, presha iwe imetulia bila dawa kali za kuipandisha, homa iwe imedhibitiwa. Kisha huja jaribio la kupumua mwenyewe: msaada wa mashine hupunguzwa hadi kidogo kabisa, na mgonjwa huachwa apumue kwa nguvu zake kwa muda wa nusu saa, wakati mwingine saa 2. Kupumua kupitia mpira mwembamba namna hiyo ni kama kuhema kwa mrija wa soda, na anayelimudu jaribio hilo ana haki ya kuaminiwa kwamba kifua chake kiko tayari. Kuna hesabu ndogo inayosaidia jicho. Idadi ya pumzi kwa dakika hugawanywa kwa ujazo wa kila pumzi katika lita. Anayevuta pumzi 20 za lita 0.4 hupata 50. Anayehema pumzi 35 za lita 0.25 hupata 140. Karl Yang na Martin Tobin walionyesha mwaka 1991 kwamba wanaozidi 105 kwa kawaida hushindwa.

Kwa mgonjwa wa nimonia au pumu, hesabu hiyo na jaribio hilo hubeba sehemu kubwa ya uamuzi. Kwa mgonjwa wa ubongo ni mlango wa kwanza tu. Kifua chake mara nyingi ni kizima, cha kijana wa miaka 25 aliyekuwa akibeba mizigo juzi. Hupita jaribio bila jasho. Swali lake haliko mapafuni, liko kooni: mpira ukitoka, nani atailinda njia? Ulimi hautaanguka nyuma? Mate yatamezwa, au yatateremka? Makohozi yatakapojaa, atayatoa?

Kwa miaka mingi jibu la tahadhari lilikuwa kungoja mgonjwa azinduke vizuri. Mwaka 2000, William Coplin na wenzake wa Seattle walichapisha matokeo yaliyoitikisa tahadhari hiyo. Walifuatilia wagonjwa 136 wa ubongo ambao mapafu yao na hali yao ya jumla vilikuwa vimefikia masharti ya kutolewa mpira. Wagonjwa 99 walitolewa ndani ya saa 48, na 37 walicheleweshwa, wengi kwa sababu tu hawakuwa wamezinduka ipasavyo. Waliocheleweshwa walipata nimonia kwa asilimia 38, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao. Walikufa asilimia 27 dhidi ya 12. La kushangaza zaidi, hata miongoni mwa waliotolewa wakiwa na alama 8 au chini ya hapo, wanne kati ya watano walifaulu. Usingizi peke yake haukuwa hukumu.

Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya North Carolina yaliyoelekea kinyume: kati ya wagonjwa 100 wa upasuaji wa ubongo, wenye alama 8 na zaidi walifaulu kwa asilimia 75, na waliokuwa chini ya hapo kwa asilimia 33. Msomaji anaweza kudhani mmoja kati ya wawili hao amekosea. Ni sahihi zaidi kuona kwamba alama zilikuwa zikitumiwa kama kivuli cha kitu kingine. Mtu mwenye alama 7 anayemeza na kukohoa si sawa na mwenye alama 7 ambaye mate yanamtiririka shavuni, na karatasi yenye namba moja haiwatenganishi. Wafaransa wakiongozwa na Karim Asehnoune walilikaribia jambo lenyewe mwaka 2017, katika wagonjwa 437. Walipata dalili nne: umri chini ya miaka 40, macho yanayofuata kitu kinachosogezwa mbele yake, kujaribu kumeza, na alama zaidi ya 10. Mwenye tatu kati ya hizo alifaulu mara 9 kati ya 10. Hata hivyo, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa 1,512 katika nchi 18, ulionyesha kwamba kati ya waliotolewa mpira, asilimia 19.4 walirudishiwa ndani ya siku 5. Karibu mmoja kati ya watano, katika mikono ya wataalamu wenye kila kifaa. Sehemu inayobaki baada ya namba zote ni kubwa, na hiyo ndiyo sehemu ya fundi.

Fundi huyo mara nyingi ni muuguzi wa zamu. Daktari hupita asubuhi na jioni. Muuguzi yuko hapo saa 12 mfululizo, na ndiye anayeingiza mrija wa kuvutia makohozi. Kila anapouingiza anapata habari. Je, mgonjwa alikunja uso? Alikohoa kabla ncha haijafika mbali, au ilibidi achokonolewe? Makohozi ni maji, au ni mazito ya manjano? Ameyavuta mara ngapi tangu alfajiri? Anayehitaji kuvutwa zaidi ya mara moja kila saa 2 bado ana deni. Lipo pia jaribio moja lisilogharimu chochote. Mpira huchomolewa kwenye mashine kwa muda mfupi, na muuguzi hushika kadi nyeupe sentimita 1 au 2 mbele ya tundu lake, kisha humwambia mgonjwa akohoe mara 3 au 4. Kadi ikipata matone, kikohozi kina nguvu ya kusukuma uchafu hadi nje. Ikibaki kavu, ni onyo: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, wale ambao kadi zao zilibaki kavu walishindwa mara 3 zaidi ya wenzao. Kipande cha karatasi kinachopatikana katika zahanati yoyote ya Likoni kinasema jambo ambalo mashine ya mamilioni ya shilingi haiwezi kulisema.

Kumeza ni vigumu zaidi kupimwa wakati mpira umo. Hapo jicho hutazama vitu vidogo: kongomeo kupanda na kushuka, mate kujaa au kutojaa pembeni mwa mdomo, ulimi kusogea. Mahali alipopasuliwa panahesabika pia. Aliyepasuliwa sehemu ya nyuma na chini ya fuvu, karibu na ubongo mdogo, huenda mishipa ya fahamu ya 9, ya 10 na ya 12 imeguswa, na hiyo ndiyo inayotawala kumeza, nyuzi za sauti na ulimi. Mtu huyu anaweza kuwa macho kabisa, akatii kila amri na kutabasamu, na bado apaliwe na mate yake mwenyewe dakika 10 baada ya mpira kutoka. Kinyume chake, aliyeumia upande wa mbele anaweza kuonekana amezubaa kwa majuma huku koo lake likifanya kazi yote. Kwa sababu hiyo fundi hamtazami mgonjwa kabla ya kutazama picha ya kichwa, wala hauamini uchangamfu wa uso peke yake. Aliyekaa na mpira siku nyingi hupimwa jambo moja zaidi: kifuko hupunguzwa hewa na husikilizwa kama pumzi inapita pembeni mwa mpira. Isipopita, huenda koo limevimba, na dawa za kupunguza uvimbe hutangulizwa saa kadhaa kabla.

Jaribio la kutii amri linaonekana jepesi kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Watu wa Timbwani huzungumza Kiswahili barabarani, na wengi wao nyumbani ni Kidigo, Kigiriama, Kikamba au Kijaluo. Mgonjwa anayetoka katika usingizi mzito, masikio yakiwa yamejaa milio ya mashine, huenda lugha aliyolelewa nayo ikamfikia kabla ya ile ya shule. Akiamriwa kwa Kiingereza asubuhi na daktari mgeni, huandikwa kwamba hatii. Jioni muuguzi anayemjua kwao humwinamia na kumwambia, "Babu, fumbua macho," na macho yanafumbuka. Muuguzi mzuri haishii kwenye "nibane mkono", kwa kuwa kiganja hufumba chenyewe kikiguswa, kama cha mtoto mchanga. Anaongeza "haya, sasa niachie", na ni katika kuachia ndipo anapojua kwamba amesikika. Aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo pengine haelewi maneno ya lugha yoyote, na huyo huonyeshwa kwa vitendo: ulimi hutolewa mbele yake, naye akiutoa wake, jibu limepatikana. Jamaa wakiulizwa mapema lugha ya mgonjwa, usikivu wake na jina analoitwa nyumbani, siku nzima inaweza kuokolewa.

Uamuzi ukifikiwa, saa nayo huchaguliwa. Asubuhi ni bora kuliko usiku wa manane, wakati walioko ni wachache na wamechoka. Chakula cha mrija wa puani husimamishwa na tumbo huvutwa. Kichwa cha kitanda huinuliwa. Vifaa vya kuurudisha mpira hupangwa kitandani kabla wa kwanza haujaguswa, pamoja na mpira mmoja mwembamba kuliko ule, kwa kuwa koo lililovimba halitapokea wa kipimo kilekile. Asiyejiandaa kuurudisha hajajiandaa kuutoa. Kisha mdomo huvutwa mate, hasa yale yaliyotuama juu ya kifuko, kamba au plasta hufunguliwa, kifuko hunyonywa hewa yote, mgonjwa huambiwa avute pumzi, na mpira hutolewa kwa mkupuo mmoja kufuata mpindo wa koo. Huja kikohozi, kisha barakoa ya oksijeni. Muuguzi huweka sikio karibu na shingo: mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi ndani ni dalili ya koo kubana, na haungojwi.

Wapo watakaoshindwa. Kumrudishia mgonjwa mpira kunadhuru, na waliorudishiwa huishia vibaya zaidi kuliko wasiorudishiwa, kwa hiyo kubahatisha hakuna nafasi. Lakini wadi ambayo haijawahi kurudisha hata mpira mmoja inawachelewesha wengi, na wanaolipa kwa nimonia hawaandikwi popote kwamba walilipa kwa woga wa wengine. Kuna ngoja ngoja inayovaa joho la busara. Seattle ilionyesha bei yake. Kwa yule ambaye dalili zote zinasema koo halitajilinda kwa majuma, njia iliyobaki ni kutobolewa tundu shingoni. Jamaa wengi huiogopa njia hiyo kwa kudhani ni ya kudumu, hali mara nyingi tundu huzibwa koo likipata nguvu. Utafiti wa mwaka 2022 wa wagonjwa 382 wa kiharusi kikali nchini Ujerumani na Marekani uliona kwamba kuliwahisha tundu ndani ya siku 5 hakukuwapa maisha bora baada ya miezi 6 kuliko kungoja, na baadhi ya waliosubirishwa hawakulihitaji kabisa.

Kuanzia mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodisha mitambo kwa ajili ya hospitali za kaunti, ikiwamo ya vyumba vya wagonjwa mahututi. Mashine ni jambo jema. Anayejua kuisoma na kumsoma aliyefungwa nayo huchukua miaka kupatikana, na muuguzi wa wagonjwa mahututi aliyekwisha kumaliza mafunzo yake ya juu katika chuo cha tiba cha KMTC huwindwa na hospitali za Ghuba na Uingereza. Kaunti inayompoteza hupoteza mikono iliyoshika kadi nyeupe mara mia, na masikio yanayoujua mlio wa koo linalobana.

Baada ya mpira kutoka, hatari hubaki kubwa kwa saa 48 hadi 72. Sauti hukwaruza, na mgonjwa huenda akachanganyikiwa, akang'oa mirija, akaita watu waliokwisha kufa. Aliyekuwa akitumia miraa, pombe au dawa za kulevya huenda mwili wake ukawa unazidai, na ni muhimu jamaa walitaje hilo kwa daktari bila haya, kwa sababu dalili zake hufanana na za ubongo kuvimba. Jambo la mwisho kupimwa ni kumeza. Mgonjwa huketishwa wima na kupewa kijiko kimoja kidogo cha maji, na muuguzi hutazama kama anameza, kama anakohoa, kama sauti yake inakuwa ya majimaji. Koo lililokaliwa na mpira siku nyingi husahau kazi yake kwa muda, na tonge au funda linaloingia njia isiyo yake hurudisha mpira uliotolewa kwa taabu yote hiyo.

Jamaa wanaovuka feri saa ya kuona wagonjwa, wakiwa na chupa ya uji, chai ya maziwa au maji ya dafu, huleta kwa mapenzi na mara nyingi humkuta mgonjwa amekauka midomo na anaomba. Wasimpe hata funda moja kabla ya kumuuliza muuguzi wa zamu swali hili: ameshapimwa kumeza?